Walikula Nini Siku Hizo?

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya umuganda, kikundi chetu cha waandishi kilikutana Nyamirambo kama kawaida: viti vya plastiki, chai ya maziwa, mandazi ya kuchangia. Kijana mmoja alitusomea hadithi yake mpya juu ya mgomo wa wafanyakazi wa migodi wa Elisabethville, mji ambao leo unaitwa Lubumbashi. Ni Desemba 1941. Watu wa Union Minière wameacha kazi, wamejaa kwenye uwanja wa mpira, Léonard Mpoyi anasimama mbele ya Gavana Maron kuwasemea wenzake, na risasi zinalia. Kijana alisoma vizuri, sauti ikipanda na kushuka. Alipomaliza tulipiga makofi. Mimi nilikuwa wa kwanza kusema, nikamsifu: nikasema hadithi ina moto, ina heshima, na kwamba jina la Mpoyi linastahili kujulikana na watoto wetu.

Halafu mama mmoja, ambaye huja kusikiliza tu wala haandiki, akauliza: "Mutoto yangu, hadisi iko muzuri. Lakini ile siku yote benye balikuwa mu mugomo, batoto balikula nini?"

Kijana akanyamaza kidogo. "Mama, hiyo si hadithi yenyewe. Hadithi ni ya Mpoyi."

"Sawa. Lakini balikula nini?"

Mwingine akasema kwa mzaha kwamba hii ni fasihi, si orodha ya mgao. Tukacheka, hata mimi. Mama naye alicheka, akamalizia chai yake. Lakini njiani kurudi nyumbani swali lile lilinifuata, na nikaona aibu, kwa sababu nilikuwa nimesifu hadithi yenye mke ambaye anatokea mara mbili tu: mara ya kwanza anamshika bwana yake mkono asiende uwanjani, mara ya pili anaanguka chini analia. Hana jina. Hana sufuria. Kwa siku zote za mgomo hakuna mtu katika hadithi ile anayewasha moto.

Nataka kusema hapa, mbele ya wasomaji wote, kwamba swali la mama lilikuwa uhakiki bora kuliko wangu. Na nimekwenda kuwauliza waandishi wakubwa swali lilelile.

Nilianza na Germinal ya Émile Zola, maana ndicho kitabu cha mgomo nilicho nacho, nakala ya Kifaransa iliyokatika jalada. Zola alikwenda mwenyewe Anzin, kaskazini ya Ufaransa, mwaka 1884, wachimbaji wa makaa ya mawe wakiwa kwenye mgomo, na kitabu kikatoka 1885. Watu wengi wanakikumbuka kwa ajili ya Étienne, kijana mgeni anayekuja na maneno ya mapinduzi. Ukikisoma na swali la mama kichwani, Étienne anapungua, na anayekua ni Maheude, mke wa mchimbaji Maheu, mama wa watoto saba.

Kabla hata mgomo haujaanza, Zola anatupeleka naye kutafuta chakula. Nyumbani hamna kitu. Anawachukua watoto wawili wadogo, anatembea kwenye matope mpaka kwa familia ya Grégoire, watu wanaoishi kwa faida ya hisa za mgodi bila kuugusa mgodi. Anachotaka ni faranga tano tu. Wanampokea vizuri. Binti wa nyumba anawafungia nguo za joto. Watoto wanapewa mkate mtamu wa siagi, wakagawane na ndugu zao nyumbani. Lakini pesa hapana. Katika nyumba ile hawatoi pesa, kwa sababu wanaamini maskini akipata pesa atakunywa.

Nilipofika hapo nilifunga kitabu, nikacheka peke yangu. Ndugu zetu wa mashirika wanaosoma jarida hili wataelewa kwa nini. Mjadala wa kumpa mtu unga au kumpa pesa anunue mwenyewe umekula mikutano mingapi? Leo kambini pesa zimeshinda, watu wanajipangia wenyewe, na wengi wanaona ni afadhali. Lakini uangalie jinsi Zola anavyoandika ile sebule: hakuna mtu mbaya. Joto, ukarimu, nguo nzuri. Na Maheude anatoka nje akiwa na kila kitu ila kile alichokuja kuomba. Mwandishi mdogo angemfanya tajiri awe na pembe. Zola anampa mkono laini na roho safi, na kwa sababu hiyo mtu anaumia zaidi kumsoma.

Baada ya hapo kuna Maigrat, mwenye duka. Duka lake liko ubavuni mwa nyumba ya mkurugenzi wa kampuni, na hilo peke yake linatosha kutuambia ni la nani. Anakopesha anayetaka kumkopesha. Deni likikua, anapenda binti au mke ndiye aje kuomba, na kila mtu kijijini anajua maana yake. Mgomo ukianza anafunga mkono. Hapa Zola ameona jambo ambalo wanasiasa wengi hawalioni: kampuni haihitaji askari siku ya kwanza. Inasubiri tu mikate iishe. Mfuko wa akiba ambao wachimbaji walichanga unakauka upesi, na kuanzia hapo kila sura ni ya vitu vinavyotoka nyumbani. Vinauzwa, vinawekwa rehani, hadi magodoro yanabaki matupu. Anahesabu kama mama anavyohesabu.

Na kuna Alzire, msichana mwenye kibyongo, mwenye miaka michache tu, ambaye ndiye msaidizi wa mama yake kwa kila kitu. Anatoka kwenye theluji kuokota vipande vya makaa, maana nyumba ya mchimbaji wa makaa haina makaa. Anaugua. Daktari anafika usiku akiwa na haraka, hakuna hata mshumaa, wanawasha kiberiti ili amwone, na katika mwanga wa kijiti kile anaona kwamba mtoto amekwisha kufa kwa njaa. Nimeisoma sehemu hiyo mara tatu. Hakuna hotuba ndani yake.

Siwezi kumsifu Zola bila kusema anapokosea. Wanawake wake wakiwa mmojammoja jikoni, anawajua. Wakikusanyika barabarani, anawaogopa. Wanageuka mnyama mmoja mwenye midomo mingi, na wanachokifanyia maiti ya Maigrat sitakiandika, maana jarida hili linasomwa na watoto pia. Mwandishi aliyejua hesabu ya magodoro ya Maheude anasahau kwamba wale wanaopiga kelele ni Maheude walewale, kila mmoja na hesabu yake. Mtu wa nje huwa anatuona hivyo pia tukijipanga kwenye foleni na foleni ikavunjika: kundi. Waliokuwa ndani ya foleni wanakumbuka nani alimshikia nani mtoto.

Mwishoni Maheude amempoteza bwana yake kwa risasi za askari, na watoto watatu kwa njia tatu tofauti. Anashuka mgodini yeye mwenyewe, kwa sou thelathini kwa siku, kwa sababu walio hai bado wanakula. Étienne anaondoka asubuhi akiwa na ndoto za kesho. Yeye anabaki. Nani ni shujaa hapo, kila msomaji ajijibie.

Kitabu cha pili ni kidogo sana, hadithi fupi tu ya D. H. Lawrence, inaitwa Strike-Pay, ya mwaka 1913. Lawrence alikuwa mtoto wa mchimbaji wa makaa wa Nottinghamshire, alikulia kwenye nyumba hizo. Hakuna risasi humo. Kijana aliyeoa karibuni anakwenda kanisani ambako chama kinagawa pesa za mgomo. Anapokea, anatoka na wenzake, wanacheka, wanakwenda kuangalia mpira mjini. Njiani anapoteza sarafu yake ya dhahabu. Rafiki zake wanamchangia kidogo. Jioni anarudi, na mlangoni yuko mama mkwe.

Ndiyo hadithi nzima, na ina ukweli ambao hotuba kumi hazina. Mama mkwe anataka kujua: ulipata ngapi, umeleta ngapi, na hizi saa zote ulikuwa wapi. Mgomo, kwa mwanamume, una hata sikukuu kidogo ndani yake: jua la mchana, marafiki, uwanja wa mpira. Kwa nyumba, mgomo ni jioni ile ya kuhesabu. Na mke, aliye katikati ya mama yake na bwana yake, anaamua kumpakulia chakula. Hasemi kama anamuunga mkono au hapana. Anapakua. Waandishi wetu hufikiri mambo makubwa yanatokea jukwaani. Lawrence anajua kwamba mgomo unaweza kuvunjika au kushikiliwa na mwanamke anayeamua kama atapakua.

Nje ya hadithi, Waingereza walilifanya jambo hili kuwa sheria kabisa. Mwaka 1900, katika kesi iliyotoka Merthyr Tydfil, nchini Wales, mahakama iliamua kwamba mwanamume mwenye nguvu aliye kwenye mgomo asipewe msaada wa maskini, lakini mke na watoto wake wanaweza kupewa. Ilipofika 1926, wenye migodi walitaka mishahara ipungue na saa za kazi ziongezeke, wakawafungia nje wachimbaji zaidi ya milioni moja tangu mwezi wa Mei, na wengi walibaki nje hadi Novemba. Serikali ikaziagiza bodi za msaada zisipite shilingi 12 kwa mke na shilingi 4 kwa kila mtoto. Mwanamume: sufuri. Kijana asiyeoa: sufuri. Hebu jiweke mezani pale. Sahani ni ya mke, sahani ni ya watoto, na baba amekaa hapo hapo akiangalia. Karani anaweza kumgawa baba na mke wake kwenye karatasi. Sufuria haigawiki. Kwa hiyo kila mama wa Wales aliyepokea msaada ule alifanya kile ambacho mama yeyote angefanya: alipunguza kijiko cha kila mmoja, na chake zaidi, ili baba naye ale kutoka kwenye shilingi ambazo si zake.

Wasomaji wa Mahama, Kigeme au Nyabiheke hawahitaji maelezo marefu. Tangu 2021 kaya zetu zinapangwa kwa makundi, hii ina udhaifu zaidi, ile ina udhaifu kidogo, ile nyingine inaweza kujitegemea. Naelewa sababu: pesa za dunia zimepungua, na lazima mtu fulani akae na kalamu aamue. Ninachosema ni cha mhakiki tu. Kundi linaandikwa kwa kaya, lakini jirani wa kundi la juu akinyimwa, jioni mtoto wake anakuja kusimama mlangoni kwa jirani wa kundi la chini. Anayemgawia hayumo kwenye fomu yoyote. Hadithi ya huyo bado haijaandikwa, na si Mwingereza atakayeiandika.

Kuna hatari nyingine kwa mwandishi, ya kuikumbuka familia pale tu inapokufa. Ludlow, jimbo la Colorado, Marekani: wachimbaji wa makaa waligoma mwezi wa Septemba 1913, kampuni ikawatoa kwenye nyumba zake, chama kikawawekea mahema. Walikaa humo na wake na watoto majira yote ya theluji. Tarehe 20 Aprili 1914 askari wa jimbo na walinzi wa kampuni waliwapiga risasi, mahema yakachomwa, na wanawake wawili na watoto 11 waliojificha kwenye shimo chini ya hema wakafa humo. Shimo hilo limekumbukwa, kuna mnara, na ni haki. Lakini kabla ya siku ile kulikuwa na miezi saba ya kuishi chini ya turubai: kukausha nguo za mtoto kwenye baridi, kukaa na jirani anayeongea lugha usiyoielewa, maana walitoka nchi nyingi. Sisi tunaoishi au tuliowahi kuishi chini ya turubai tunajua kwamba miezi ile ndiyo maisha. Mtu akiandika juu yetu akaanza na moto, ametuandika kuanzia mwisho.

Sasa nirudi Katanga, maana ndiko hadithi ya kijana ilikotoka, na si mbali nasi kama tunavyofikiri. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Union Minière ilichukua wafanyakazi hadi huku, Ruanda-Urundi, vijana wa milima waliopelekwa kwenye joto la shaba, na wako ambao hawakurudi. Wakati huohuo kampuni iligundua kwamba mfanyakazi asiye na mke hukimbia, huugua, na inabidi atafutwe mwingine. Ikabadili siasa. Ikaanza kuwataka waliooa, wakae miaka mingi kwa mkataba mrefu, wazae kambini. Mke alipata posho yake, mtoto posho yake. Kulikuwa na zahanati ya wajawazito, maziwa ya watoto, shule ya mapadri. Daktari Léopold Mottoulle, aliyekuwa msimamizi wa siasa hiyo, aliandika kitabu juu yake mwaka 1946, na ukikisoma unaona mtu anayejivunia afya ya watu wake kama mfugaji anavyojivunia zizi.

Kabla hujasema ni wema au ni ubaya, angalia tu maana yake siku ya mgomo. Nyumba ni ya kampuni. Unga ni wa kampuni. Daktari wa mtoto ni wa kampuni. Mchimbaji wa Wales alikuwa na duka la mtaani linaloweza kumkopesha, na bodi ya msaada iliyokuwa mbali na mwajiri, hata kama ilikuwa bahili. Mfanyakazi wa Elisabethville, akiweka chini sururu, ameweka chini pia sahani ya mtoto na ufunguo wa mlango. Hapo ndipo hadithi ya kijana ingepata uzito ambao sauti yake kubwa haikuupata. Mpoyi hakusimama mbele ya gavana akiwa na maisha yake peke yake mkononi.

Yaliyowafikisha uwanjani yanajulikana. Ubelgiji ilikuwa imetekwa na Wajerumani tangu Mei 1940, vita vilitaka shaba, kazi ikazidi, bei madukani zikapanda, na mshahara wa mtu mweusi ukabaki nyuma. Wafanyakazi wazungu walidai kabla yao na wakasikilizwa. Weusi wakaanza mapema Desemba. Tarehe 9 Desemba uwanja ukageuka makaburi. Hesabu ya wakubwa ni makumi ya watu, na simulizi za mji zinapita mia.

Kitabu kinachonisaidia kuona nyumba nyuma ya uwanja ni cha mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, cha mwaka 2001. Ndani ni Kifaransa, lakini kwenye jalada kuna maneno mawili yetu: Bana Shaba, watoto wa shaba, walioachwa na baba yao. Baba gani? Hapo ndipo utamu wa jina hilo. Kwa miaka mingi kampuni ilikuwa baba wa wote, ikilisha, ikisomesha, ikipeleka hospitali. Mzee wa nyumba aliheshimiwa kwa sababu posho ilipitia jina lake. Baadaye, mikononi mwa Gécamines, kampuni ilipoanguka, baba mkubwa akatoweka na baba mdogo akabaki na mikono mitupu mbele ya watoto wake. Dibwe si mtunzi wa hadithi, anaandika kama mtafiti, pole pole, sura baada ya sura. Lakini kama unataka kuandika juu ya mgomo wa 1941 na hujui jinsi heshima ya mwanamume ilivyofungwa kwenye gunia la unga, utamfanya mke wake alie tu, kwa kuwa hutajua kitu kingine cha kumpa afanye.

Na sasa picha. Tshibumba Kanda Matulu alizaliwa Elisabethville mwaka 1947, miaka sita baada ya risasi zile. Alizisikia kutoka kwa watu wazima. Mwaka 1973 na 1974 alimchorea na kumsimulia Johannes Fabian, mtafiti wa utamaduni, historia yote ya nchi kwa picha zipatazo 100, akieleza kwa Kiswahili cha Katanga kile tunachokisikia kwa jamaa zetu wa Lubumbashi. Mauaji ya 1941 yamo, na Mpoyi yumo, akipigwa na gavana mwenyewe. Kijana wetu alinionyesha picha hiyo kwenye simu. Hadithi yake ilitoka hapo. Alichukua uwanja, akachukua bastola, akachukua yule mtu aliyesimama wima.

Simlaumu. Tshibumba alichagua tukio ambalo watu wangelitundika ukutani na kulielewa kwa mtazamo mmoja, na mchoraji wa watu lazima afanye hivyo. Picha ya mtu ameuawa kwa kudai mshahara inasimama peke yake. Picha ya mama anapunguza kipimo cha unga kwa siku ya tano, nani angeinunua? Kwa kalamu ni tofauti. Sisi tuna kurasa, tunaweza kungoja hadi siku ya tano. Kijana alichukua kutoka kwenye picha kile ambacho picha inaweza kubeba, akaacha kile ambacho hadithi peke yake ingeweza kubeba.

Lakini kuna jambo nililomwambia ambalo lilimfanya akae kimya kuliko swali la mama. Wachoraji wa Katanga wa zama zile walikuwa wakichora mara nyingi juu ya vitambaa vya magunia ya unga, vinanyooshwa kwenye fremu na kupakwa rangi ya kwanza. Tshibumba vilevile. Kwa hiyo hata pale ambapo sufuria haionekani, chini ya gavana, chini ya damu, chini ya nyasi za uwanja, kuna gunia ambalo mtu fulani alilimaliza kwanza jikoni.

Nimefikiria kama niandike juu ya Kiziba au nisiandike. Naandika mistari michache. Februari 2018, baada ya mgao kupunguzwa, watu walishuka kambini wakaenda Karongi, wakakaa nje ya ofisi kwa siku tatu, na tarehe 22 wako waliokufa kwa risasi. UNHCR ilitaja wasiopungua 11. Waliokuwa huko wanajua zaidi kuliko mimi, nami nakaa Kigali, ambako sisi wa mjini hatupangi foleni ya mgao. Taarifa nilizosoma zina idadi ya waliokufa na idadi ya waliokamatwa. Nikizisoma sasa, ninamsikia mama yule na chai yake. Siku tatu. Walibeba nini kwenye vikapu? Nani alibaki mlimani na watoto wa jirani? Yeyote anayeyakumbuka hayo asingoje mhakiki wala mtafiti. Aandike yeye, hata kwa ukurasa mmoja, hata bila jina, na jarida hili litampokea.

Kijana alirudi mwezi huu na hadithi upya. Ameondoa nusu ya hotuba, na Mpoyi sasa anaongea kama mtu na si kama redio. Mke amepata jina. Hadithi inaanza alfajiri ya siku ya tatu ya mgomo, mke anachota unga kwa kikombe cha bati, anamimina kwenye maji ya moto ya bugali, watu ni sita nyumbani. Kijana alisoma polepole, akimtazama mama yule kwa pembe ya jicho. Alipofika mstari wa nne mama akainua mkono.

"Vikombe vine? Siku ya tatu?" akasema. "Hapana, mwanangu. Viwili. Na cha pili haujazi."

Kijana akatoa kalamu, akafuta nne, akaandika mbili, akaendelea kusoma.